Vibao Kumi vyenye Jina la Masereka

Kasese,
Jumanne jioni

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Ipokee kwanza ndipo unigombeze, maana najua umenipigia simu wiki nzima haipokelewi, na bila shaka umeshaanza kunitafutia sanda. Sijafa. Nipo Kasese, mzima, joto la huku limenibandua ngozi ya pua kama kawaida. Wewe je, mgongo umekuacha au bado unainamia cherehani mpaka magharibi? Na goti la mama? Anakunywa dawa zake au anazificha chini ya mto kama mwaka jana? Nijibu ukweli, usinifunikefunike.

Sasa sikiliza. Kama mama amekaa karibu yako, ikunje barua hii uitie kifuani, ukaisome peke yako. Mama akisikia neno "wanajeshi" hatasikia lingine tena. Ndiyo sababu naandika kwa kalamu. Nikikupigia, yupo pembeni anauliza "anasemaje, anasemaje," na mambo haya hayasemeki hivyo. Barua inakuja na dereva wa lori anayeteremka bandari ya Tanga, ameahidi kuiacha dukani kwa shemeji hapo Korogwe.

Unamkumbuka Masereka? Yule mwongozaji wa wageni niliyekutumia picha yake, anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwa utosini, ukacheka. Huyo. Dada, nimemtia mtu huyo matatani, karibu apotee kabisa, na nitakueleza yote bila kujipamba.

Ofisi yetu, kama nilivyokwambia, inatembeza wageni. Wanaotaka theluji wanapanda mlima na watu wengine wenye vifaa. Sisi tunachukua wale wa kutembea siku moja tu kwenye vilima vya Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Njia yetu inaanzia chini mtoni Lhubiriha, inapita katikati ya mashamba ya kahawa na mihogo ya watu, inaishia juu nyumbani kwa Masereka. Hapo mkewe, Biira, anawapakulia wageni bundu na sombe. Bundu ni ugali wa muhogo, na sombe ni kisamvu kile kile chetu, usijifanye hukijui. Njia yenyewe ni ya Masereka kwa maana ya kuijua, ameikanyaga tangu utoto, na wenye mashamba walimruhusu kupitisha wageni kwa sababu ni mtu wao.

Mwaka huu wageni walipungua. Bosi akaanza kusema safari za Bwera zifungwe. Hapo ndipo mimi na kidomodomo changu nikaja na habari ya mchezo wa simu.

Usicheke. Mchezo huu unachezwa kwa miguu. Unafungua simu, unaona ramani ya pale pale uliposimama, na kwenye ramani kuna vituo: sanamu, daraja la zamani, kibao cha njia ya wapanda milima. Lazima ufike mwenyewe ndipo ukichukue kituo. Wachezaji ni timu mbili, hawa wanateka kituo, wale wanakuja kukiteka upya. Watu wazima wenye ndevu na wajukuu wanasafiri nchi na nchi kwa ajili hiyo, wallahi. Kundi moja la wachezaji wa Kampala na Nairobi liliniambia wazi kwamba tukipata vituo kwenye njia yetu, watakuja wote.

Ila kituo kipya hakiwekwi hivi hivi. Unapiga picha, unaandika maelezo, unatuma, halafu wachezaji wengine usiowajua wanapiga kura huko waliko. Wakikubali, kituo kinatokea kwenye ramani ya kila mchezaji. Mpaka wakubali, hakionekani popote. Na masharti wanayo: kibao kiwe na jina la njia, namba tupu hawaitaki. Picha isiwe na mtu ndani yake. Isiwe nyumba ya mtu.

Tukachonga vibao kumi, tukavichomeka kwenye nguzo fupi toka mtoni mpaka uani kwa Masereka. Tuliwaambia wenye mashamba ni alama za wageni, wakaitikia vizuri. Wiki iliyofuata nikaja na rangi ya njano na brashi. Masereka akasema, "Andika tu namba. Namba inatosha, dada."

Nikamwambia namba tupu watakataa, na nikamwambia njia itaitwa kwa jina lake, kwa sababu ni nani mwingine anayestahili? Akaona haya, akavuta kofia machoni, akaenda kumuuliza Biira. Biira akasema hapana, hapana kabisa. Mimi nikabembeleza. Unanijua nikishika jambo. Mwisho Masereka akacheka, akasema, "Haya, andika, tuone." Nikaandika kwa herufi kubwa, kimoja kimoja: NJIA YA MASEREKA, NAMBA 1, na kuendelea mpaka kumi.

Sikujua nilichofanya, na kwa huko kutojua sijisamehe. Huku ardhi ni finyu na watu ni wengi. Mtu akiamka akakuta shambani kwake kuna nguzo ina namba na jina la jirani yake, hafikirii utalii. Anajua amepimwa. Anajua shamba limeuzwa na mnunuzi yuko njiani. Mimi nimekuja juzi na brashi yangu, ningelijulia wapi? Lakini Biira alijua, akasema hapana, nikamwona mkaidi.

Kisha picha. Masereka alikuwa na tabia ya kusimama kando ya kila kibao, mkono juu ya nguzo, kifua mbele. Nikimwambia "toka kidogo," anasogea hatua moja, bado yumo. Kwake yeye picha ya kitu bila mtu wake ni picha ya kitu kilichoibwa. Nyingine nilizipiga hivyo hivyo nikazituma, nikasema wapiga kura hawataangalia sana. Namba sita peke yake ilikuwa safi, kwa sababu siku hiyo alikuwa amekwenda kuomba maji ya kunywa kwa mzee Bwambale, mwenye shamba lile.

Mzee Bwambale ndiye aliyetushitaki. Simlaumu. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji akasema Masereka amepima mashamba ya watu. Mwenyekiti naye, kwa kuwa tuko karibu na mpaka na mwaka huu watu wana wasiwasi wa waasi kuvuka, akaona asijibebeshe peke yake. Akawaita wanajeshi wa kambi ndogo iliyo njia ya mpakani.

Walitukuta namba nne, asubuhi ya Jumanne iliyopita. Nilikuwa nimempa Masereka simu yangu airudie picha yeye, ili angalau safari hii asiwe ndani. Nikasikia mlio wa viatu, kugeuka, wanajeshi watatu, mwenyekiti, na mzee Bwambale nyuma na fimbo yake.

"Simama hapo! Wewe, leta hiyo simu!" Ni sajini wao, mtu wa kaskazini, mrefu, macho yake hayapepesi. Kila mtu anamwita afande, nami nikamwita hivyo hivyo. Akamnyang'anya Masereka simu, ikiwa wazi, na juu yake ujumbe wa kundi la wachezaji ulikuwa umeingia. Akausoma. Akapandisha juu akasoma mwingine. Huku Kiswahili ni lugha ya jeshi, dada, watu wengi wakikisikia wanakaa sawa. Mimi nilikuwa nimeandika Kiswahili cha kwetu kilichonyooka, na afande alikielewa neno kwa neno.

Ngoja nikunukulie nilichoandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Zikipitishwa zote kumi, Jumamosi tunaanzia mtoni, tunateka moja baada ya nyingine mpaka juu. Namba sita ni muhimu, ukiishika hiyo unaona bonde lote. Msichelewe, wenzetu wa upande wa pili wasitutangulie."

Isome tena ukiwa mwanajeshi mpakani.

"Simu ya nani hii?" afande akauliza.

Kibali changu cha kazi bado kilikuwa kinasubiri kusainiwa. Mimi ni mgeni, Mtanzania, nimesimama mita chache kutoka Kongo na ramani. Yote hayo yalinipita kichwani kwa mara moja. Na kabla sijafungua mdomo, Masereka akasema, "Yangu, afande."

"Na hii jina kwa kibao?"

"Ni yangu. Uyu mama ni mugeni tu, minamutembeza."

Dada, nilinyamaza. Nilikuwa na muda wa kusema, nao haukuwa mdogo. Afande aliniangalia, mwenyekiti akaniangalia, Masereka hakuniangalia. Wakamfunga mikono kwa kamba ya katani wakateremka naye. Mzee Bwambale alitema mate chini. Mimi nikabaki na kopo la rangi.

Usiniambie ningefanya nini. Nimeshajiambia yote. Nilirudi Kasese, nikakaa kitandani nguo zote mwilini, nikajidanganya kwamba watamwachia wakishaona hana kitu.

Kesho yake nikaenda Bwera kwa Biira. Nilimkuta anafunga bundu kwenye majani ya mgomba ampelekee mumewe. Hakunipa kiti. "Wamesema beko na simu yake," akaniambia, yaani wanayo. "Masereka hana simu ya kugusa. Simu yake iko hii ya tochi, iko hapa ku nyumba." Akaiweka mezani mbele yangu, akaendelea kufunga chakula.

Tukaenda wote wawili kambini. Nilipofika mbele ya afande nilisema harakaharaka nisije nikageuza: simu ni yangu, maneno ni yangu, jina niliandika mimi, ni mchezo, hakuna vita, Masereka hajui hata kuifungua.

Afande akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Jana ulikuwa wapi?"

Nikasema nilikuwepo.

"Najua ulikuwepo. Naona wewe. Jana mdomo yako ilikuwa wapi?"

Biira alikuwa amesimama pembeni yangu na chakula chake. Nikasema, "Niliogopa, afande."

Akaitoa simu yangu kwenye droo. "Fungua hiyo mchezo. Onyesha mimi hiyo namba sita."

Nikaufungua. Ramani ikaja, mto ukaja, barabara ikaja, na vilima vyote vikawa vitupu. Nikaanza kumweleza habari ya kura, kwamba watu bado hawajaamua, kwamba kituo hakionekani mpaka kikubaliwe. Nilijisikia mwenyewe ninavyosikika.

"Mchezo gani hii haina kitu ndani?" Akaichukua simu. "Sikia. Kwa mkubwa yangu nimeandika watu wanataka teka kilima. Siwezi kuandika tena ati ilikuwa mchezo na hakuna mchezo. Ijumaa saa sita faili inapanda juu na mtu yake. Ikipanda, mimi sina maneno tena. Kama iko mchezo, leta mchezo."

Si mtu mbaya, nataka ujue hivyo. Aliruhusu Biira aingize chakula. Aliniacha niondoke, na hati yangu ya kusafiria akabaki nayo.

Hapo ndipo zilipoanza siku mbili ambazo nisingemtakia adui. Maisha ya mtu yalikuwa yamekaa mikononi mwa watu walioko sijui wapi, wamelala kwenye makochi, wanaulizwa kama kibao cha njano kinafaa kuwa kituo. Na siruhusiwi kuwaomba kura, mchezo unakataza, wakigundua wanafuta mapendekezo yako yote. Kila nusu saa nilikuwa kwenye kompyuta ya ofisi.

Jumatano jioni likaja jibu la kwanza. Namba moja: imekataliwa, kuna mtu kwenye picha. Namba tatu: imekataliwa, kuna mtu kwenye picha. Nikaifungua hiyo picha nikaitazama. Masereka na kofia yake, mkono juu ya nguzo, kifua mbele. Nililia pale pale kwenye kiti, mhasibu wetu akaniletea maji akidhani nimefiwa.

Alhamisi ikakataliwa namba kumi, kwa sababu ni uani kwa mtu, na nane, kuna mtu kwenye picha. Mbili, nne, tano, saba, tisa kimya. Sita kimya. Mchana sikula. Nilianza kufikiria niende kambini nikaseme kwamba mimi ndiye jasusi, wanichukue mimi wamwache yeye, na nilikuwa nimeshaandika namba yako kwenye karatasi nimpe mhasibu. Hata hilo usimsomee mama.

Ijumaa saa mbili na robo asubuhi ujumbe ukaingia. Nikausoma neno moja moja, nikijua nikiharakisha nitaelewa nitakacho. Njia ya Masereka, Namba Sita: imekubaliwa.

Sikumbuki nilivyofika Bwera. Nakumbuka saa ya ukutani kambini ilikuwa inakaribia saa tano, na gari la kupeleka watu lilikuwa limeshawashwa, na Masereka amekaa chini ukutani bila kofia. Sijawahi kumwona bila kofia. Ana mvi nyingi, dada, sikujua.

"Afande, mchezo nimeleta," nikasema.

Akaniangalia, akaangalia saa, akaamuru gari lizimwe. Akasema si hapa, tutakwenda pale pale kwenye namba sita, na mwenyekiti aitwe, na yule mzee aliyeshitaki awepo aone. Tukapanda wote, Masereka katikati ya askari wawili, Biira nyuma, na kila shamba tulilopita watu walitoka wakafuata.

Tukafika kwenye kibao. Afande akaniwekea simu mkononi. Nikaufungua mchezo, ukazungukazunguka, hakuna kitu. Ramani haiji kabisa. Kisha nikaona kwenye pembe ya kioo: simu ilikuwa imeshika mtandao wa Kongo. Pale juu hushika wa ng'ambo kabla ya wetu. Nikaizima. Nikaiwasha. Nikapanda juu ya jiwe nikainyoosha mkono hewani mbele ya kijiji kizima, nikisema kimoyomoyo njoo, njoo, njoo. Mtandao wetu ukarudi. Ramani ikajichora polepole, mto, barabara, na katikati ya kilima, kituo kimoja cha buluu kikatokea.

Nikamkabidhi afande. Akakigusa kwa kidole. Ikaja picha ya kibao, kibao kile kile kilichokuwa mbele ya goti lake. Akaangalia simu, akaangalia kibao, mara tatu. Kisha akasoma kwa sauti ya gwaride: "Njia ya Masereka, Namba Sita. Iko. Iko kwa ramani, dunia nzima inaona. Fungua yeye."

Wakamfungua kamba. Biira alimshika mkono hakuuachia. Nami kwa furaha nikamgeukia mzee Bwambale nikidhani naye atafurahi.

Uso wake ulikuwa umekuwa wa majivu. "Mumesikia?" akawaambia wenzake. "Sikuwaambia? Shamba yangu iko kwa ramani, dunia nzima, na jina ya Masereka juu yake. Afande mwenyewe amesoma!"

Ah, dada! Kile kile kilichomtoa Masereka kwenye kamba ndicho kilichomtia hatiani kwa jirani zake. Nilijaribu kueleza, nikaeleza mpaka nikakauka. Masereka alipotaka kuteremka kwenda kwake akakuta watu wameshaweka miiba kwenye mapito. Alizunguka na mkewe kwa barabara ya chini, mwendo wa saa nzima, mtu aliyetoka kufungwa.

Mwenyekiti akasema mambo yaishe kwa karatasi. Huku maneno ni maneno, lakini karatasi yenye sahihi na mashahidi inazika kesi. Jumapili baada ya kanisa tukakutana uani kwake, wenye mashamba wote, afande naye akaja kama shahidi. Kwa ajili yake ilibidi karatasi iandikwe Kiswahili, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye Kiswahili, kalamu nikapewa mimi. Wazee wakasema wanachotaka: Masereka akubali hana ardhi yoyote palipo na vibao, na vibao viondoke. Nikaandika. Niliona nimepata nafasi ya kusafisha nilichochafua, nikaandika kwa moyo wote, kwa maneno ya kisheria niliyoyasikia kwa baba alipokuwa karani. Nikasoma kwa sauti:

"Mimi Masereka nakubali mbele ya mashahidi kwamba sina wala sitadai haki yoyote ya ardhi mahali popote palipowekwa vibao vya jina langu, kuanzia namba moja mpaka namba kumi."

Wote wakaitikia vizuri. Mwenyekiti akafungua kopo la wino wa muhuri. Masereka akasogea mezani. Anasoma taratibu kwa kidole, alisoma mstari wa kwanza, wa pili, akafika mwisho, akarudi juu akasoma tena. Akashika kalamu, akaiweka kwenye karatasi, akasimama hapo.

"Dada," akaniambia, bila hasira yoyote, "na miye nitalala wapi?"

Sikuelewa. Akaweka kidole kwenye neno la mwisho nililoandika: kumi. Namba kumi iko uani kwake. Ni nyumba yake na kahawa yake na kaburi la baba yake. Nilikuwa nimemwandikia kwa mkono wangu ayatoe yote, mbele ya mashahidi na afande juu, na nikasoma kwa sauti, na watu ishirini wakaitikia.

Nikainua macho. Mwenyekiti alikuwa anaangalia wino. Wengine walijua, dada, nakuapia, niliwaona wanajua. Mtu mmoja alikohoa. Kama angeweka sahihi wasingesema kitu, na kwa jinsi alivyochoka, nadhani angeweka. Nikaivuta karatasi. Nikasema nimekosea, nataka kuandika upya. Sauti kutoka nyuma ikasema karatasi imeshasomwa na imeshakubaliwa.

Hapo mzee Bwambale akasimama. Nikasema basi, leo ndiyo leo.

"Andika tisa," akasema.

Akapita katikati ya watu, akagonga meza yangu kwa fimbo. "Andika tisa, mama. Kumi ni yake. Baba yake akipima, kamba nilishika miye, huku miye, huku marehemu. Mutu asiguse kumi." Akawageukia waliokuwa wanakohoa. "Miye nilishitaki juu ya shamba yangu. Sikushitaki juu ya nyumba ya mutu."

Nikaandika tisa. Herufi zimekaa ovyo, lakini ni tisa. Masereka akaweka sahihi. Mzee Bwambale akaweka dole gumba lake chini yake, na akabaki amesimama karibu naye mpaka muhuri ulipopigwa, kama ndugu wa upande wake.

Vibao tisa tumeving'oa jana, na nimeomba kituo kile kifutwe kwenye mchezo, kwa kura kama kawaida yao. Kundi la wachezaji nimeliambia lisije. Bosi atasema lake mwisho wa mwezi. Hati yangu nimerudishiwa, na simu pia, ila nimeiacha kwenye droo ya ofisini kwanza. Biira bado hanipi kiti. Jana nilikula nimesimama mlangoni, na sahani alinipa.

Msalimie mama, mwambie niko salama na nakula vizuri, hayo ni kweli. Msalimie shemeji mwenye duka, mwambie asimlipe dereva kitu. Shangazi Mwanahamisi wa maandazi, mpe shikamoo yangu. Mjomba Athumani fundi baiskeli, mwambie nimekumbuka maneno yake kuhusu kidomodomo changu na hakukosea. Wapwa zangu uwabusu.

Barua hii nimeisoma mara mbili, neno kwa neno, kabla ya kuikunja.

Ni mimi mdogo wako,
Rehema